Choo cha Ndani ya Hiace au Noah ya Kulala: Anza na Mahali pa Kumwagia

Kabla ya kuangalia choo chochote dukani, andika kwenye karatasi safari utakazofanya, kisha mbele ya kila mahali pa kulala andika uchafu utamwagwa wapi. Kazi hiyo ya robo saa huamua mengi kuliko bei. Vyoo vingi vya magari ya kulala vimebuniwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako kambi za magari huwa na sehemu maalumu ya kumwagia tangi la choo, na bomba pembeni la kulisuuzia. Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha, au Mombasa kwenda Nairobi, usiitegemee huduma hiyo. Utakachokuta ni choo cha shimo cha hoteli ya njiani, choo cha kuvuta maji kinachoingia kwenye karo la nyumba ya wageni, mtambo wa baiogesi, au pori tupu. Choo kinachofaa ni kile ambacho uchafu wake unaweza kupokelewa hapo bila kumwachia mwenyeji hasara.

Tunazungumzia magari madogo hasa: Toyota Hiace ya paa fupi, Noah na mengine ya ukubwa huo, yakibeba watu wawili, au wawili na mtoto.

Uchafu utapokelewa wapi

Karo la maji taka na mtambo wa baiogesi hufanya kazi kwa nguvu ya bakteria. Dawa ya buluu inayouzwa pamoja na vyoo vya magari mara nyingi ina formaldehaidi au kiuabakteria kingine, na kazi yake ni kuwaua bakteria hao hao ili uchafu usichachuke. Lita 20 za uchafu wenye dawa hiyo zikiingia kwenye mfumo mkubwa wa maji taka wa jiji hazina athari ya kuonekana. Zikiingia kwenye baiodaijesta (tangi ambamo bakteria huozesha uchafu) ndogo ya nyumba ya wageni, ya aina iliyoenea sana Kenya, zinaweza kuua kilichomo, na mwenye nyumba akabaki na harufu wewe ukiwa umeshaondoka. Kwa hiyo kama utamwaga kwenye karo au baiodaijesta, tumia dawa isiyo na formaldehaidi (kwa kawaida huuzwa kwa rangi ya kijani) au usitumie dawa kabisa. Soma kibandiko, maana rangi peke yake si ushahidi.

Choo cha shimo hupokea karibu kila kitu isipokuwa plastiki, taulo za kike na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto. Omba ruhusa kabla ya kufungua tangi, mwaga polepole, osha sakafu ulipochafua, na mlipe kitu anayekisafisha. Anayeingia na tangi la watu bila kusema hufunga mlango kwa msafiri wa kesho.

Ndani ya hifadhi hali ni mbili. Kambi za umma huwa na vyoo, kwa hiyo unahitaji choo cha gari kwa usiku tu, wakati kutoka nje penye fisi au tembo si jambo la busara, na kwa saa ndefu za kuangalia wanyama ambapo huruhusiwi kushuka ila sehemu zilizotengwa. Kambi maalumu, za TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania) na za KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), hazina huduma: unaingia na kila kitu na unatoka na kila kitu. Hapo hesabu ya uzito inakuwa kali. Kwa choo kikavu, kinachotenganisha mkojo na kinyesi, kinyesi cha watu wawili kwa siku nne ni kilo mbili hivi, na mkojo unakaa kwenye madumu yake. Choo cha maji, yaani cha kuvuta maji, kwa siku hizo hizo kitakuwa na zaidi ya lita 30, na hakuna choo cha kubeba chenye tangi la ukubwa huo.

Njia ya mifuko ya plastiki ndani ya ndoo, inayopendwa mitandaoni, tunashauri uiache. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na katika hifadhi za Kenya plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa tangu Juni 2020. Hata pale ambapo mfuko wa choo hautaguswa na sheria, mwisho wake ni jalala la wazi ambako mbwa na watu wataufungua.

Pima kichwa kabla ya kupima sakafu

Watu hupima kama choo kitaingia chini ya kitanda, wakasahau kwamba kuna mtu atakikalia. Hiace ya paa fupi ina takriban sentimita 132 kutoka sakafu hadi dari. Ukishaweka mbao za sakafu na kizuia joto cha dari zinabaki 127 hivi. Mtu mzima akiketi wima huhitaji sentimita 85 hadi 95 kutoka kwenye kiti hadi utosini. Ukitoa, kiti cha choo hakipaswi kuzidi sentimita 32 kwa mtu mrefu, na kwa wengi 36 ndiyo mwisho.

Sasa linganisha na vilivyopo sokoni. Thetford Porta Potti 365, yenye tangi la uchafu la lita 21, ina kimo cha sentimita 41 hivi. Ni choo kizuri, lakini kwenye Hiace ya paa fupi utakikalia umeinamisha shingo, na baada ya siku tatu utakuwa unatafuta vichaka. Porta Potti 335 na Dometic 972 zina kimo cha sentimita 31 hivi na matangi ya takriban lita 10. Zinaingia vizuri, ila hujaa upesi. Paa likiwa refu, tatizo hili halipo.

Fanya jaribio la bure: panga matofali au kreti hadi kimo unachofikiria, keti ndani ya gari na viatu ukiwa umevaa, kisha vua na kuvaa suruali. Mbele ya kiti acha sentimita 45 hadi 50 za magoti. Mtu aliyezoea choo cha kuchuchumaa hatasumbuliwa na kiti kifupi, na wengi hukipenda zaidi.

Mnachamba au mnapangusa?

Swali hili haliandikwi kwenye vitabu vya maelezo vya watengenezaji, na kwa watumiaji wengi wa Kiswahili ndilo linaloamua. Choo kikavu kinafanya kazi kwa sababu mkojo na maji havikutani na kinyesi. Vikikutana, vimeng'enya vya bakteria huvunja urea iliyo kwenye mkojo kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu kali ya choo kibovu. Mtu akichamba kwa nusu lita ya maji akiwa amekaa juu ya choo hicho cha kutenganisha, maji yote huingia kwenye ndoo ya kinyesi. Baada ya siku moja maranda ya mbao yanayofunika kinyesi yamelowa tepetepe na choo kimekuwa ndoo ya uchafu wa kawaida.

Njia ni tatu. Ya kwanza, pangusa kwa karatasi juu ya choo, kisha maliza kwa maji juu ya beseni dogo pembeni. Maji hayo yawekwe kwenye dumu la mkojo, na dumu hilo humwagwa chooni tu, si kwenye miti. Ya pili, tumia chupa yenye mdomo mwembamba na mililita 100 hadi 150 tu, ukisogea mbele ili maji yaangukie upande wa mkojo. Inahitaji mazoezi, na watoto hawaiwezi. Ya tatu, kubali kwamba familia yenu ni ya kuchamba kwa kopo, na mnunue choo cha maji cha matangi mawili. Hiyo ya tatu si kushindwa hata kidogo. Choo ambacho watu wote wa gari wanakitumia kwa raha ni bora kuliko kile kinachosifiwa na wasafiri wa nchi nyingine.

Aina zilizopo, na hukumu yetu

Choo cha matangi mawili kina tangi la maji safi juu na la uchafu chini, na kati yake mlango wa kuteleza wenye mpira wa kuzuia harufu. Piga hesabu hivi: mtu mmoja kwa siku hutoa lita moja na nusu ya mkojo na gramu 250 hivi za kinyesi, huvuta maji mara tano kwa mililita 300 kila mara, na akichamba huongeza karibu lita moja. Jumla ni lita nne na kidogo. Watu wawili hujaza lita 21 kwa siku mbili na nusu, na lita 10 kwa siku moja. Wanaume wakitumia dumu la mkojo badala ya choo, muda huo huongezeka sana. Kwa safari za mjini hadi mjini, zenye nyumba ya wageni au kambi yenye choo kila baada ya siku moja au mbili, hiki ndicho tunachopendekeza kwanza.

Choo cha kutenganisha ni kikavu: bakuli lina sehemu mbili, mbele mkojo kwenda kwenye dumu, nyuma kinyesi kwenda kwenye ndoo. Cha kununua chenye mkono wa kukorogea, kama Nature's Head, kinagharimu karibu dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru, na kimo chake ni kirefu kwa Hiace ya paa fupi. Vipo vidogo kama Trelino ya Ujerumani. Kwa gari dogo, kujitengenezea sanduku na kununua bakuli la kutenganisha peke yake kunaleta matokeo yale yale. Hiki ndicho cha porini na cha kambi maalumu.

Usidanganywe na jina la choo cha mboji, ambalo vyoo hivi vikavu huuzwa nalo. Ndani ya ndoo ya gari hakuna mboji inayokamilika. Kinyesi kinakauka tu, na mayai ya minyoo yanabaki hai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kikavu kihifadhiwe angalau mwaka mmoja penye joto la zaidi ya nyuzi 20 kabla ya kutumika shambani.

Kaseti ya kudumu, ambayo tangi lake hutolewa kupitia mlango unaokatwa ubavuni mwa gari, tuiache. Inakula nafasi, inahitaji kukata bodi, na faida yake iko pale penye vituo vya kumwagia. Vyoo vinavyofunga kila haja ndani ya utando wa plastiki, mfano Laveo na Clesana, ni visafi kutumia, lakini vinategemea katriji za kuagiza kutoka nje na vinazalisha plastiki ile ile tuliyoisema juu.

Kujitengenezea choo cha kutenganisha

Vifaa: plaiwudi ya milimita 12 inayostahimili maji, nusu ubao, bakuli la kutenganisha, ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, madumu mawili mapana ya lita 5 yanayoonyesha kilichomo, mpira wa maji wa milimita 25 au zaidi, feni ya kompyuta ya volti 12, milimita 80, bomba la plastiki la milimita 40 au 50, vanishi, silikoni, boliti zisizoshika kutu na mikanda ya kufungia mizigo.

1. Nunua bakuli, ndoo na madumu kwanza. Sanduku linajengwa kuvizunguka. Anayeanza na sanduku huishia na ndoo isiyoingia.

2. Pima kutoka juu ya kiti hadi mdomo wa chini wa njia ya mkojo kwenye bakuli. Mara nyingi ni sentimita 10 hadi 15. Kama kiti kiko sentimita 36 juu ya sakafu, dumu halipaswi kuzidi sentimita 20 kwa kimo. Dumu refu la mafuta ya kula halifai, kwa sababu mdomo wake utakuwa sawa na njia ya mkojo au juu zaidi, na mkojo utarudi kwenye bakuli.

3. Kata sanduku la upana wa sentimita 40 na urefu wa 50 hivi. Upande mmoja uwe mlango wa bawaba, ili dumu litoke bila kunyanyua choo chote.

4. Chora tundu kwa kufuata karatasi ya kipimo inayokuja na bakuli, kata, piga msasa. Paka vanishi mara tatu, ndani na nje, na hasa kwenye kingo za plaiwudi. Tone la mkojo likiingia kwenye mbao tupu, harufu haitoki tena.

5. Funga bakuli kwa boliti na weka silikoni chini ya ukingo wake. Ndoo ikae juu kabisa, karibu iguse bakuli. Ikiachwa chini sana, kinyesi huchafua kuta za sanduku.

6. Mpira wa mkojo uwe mfupi, ushuke moja kwa moja bila kujikunja. Kila mkunjo ni mahali pa mkojo kutuama na chumvi kuganda.

7. Feni ivute hewa kutoka ndani ya sanduku kwenda nje, kupitia sakafu au ubavu, mbali na bomba la moshi. Ikisukuma hewa kuingia, harufu yote itakuja kwenye kitanda. Feni ya ampia 0.1 hutumia ampia-saa 2.4 kwa siku nzima, kiasi ambacho betri ya pili haitakihisi. Weka fyuzi ya ampia 1 au 2, na nje ya bomba funga soksi nyembamba ya nailoni, kwa sababu tundu la chandarua ni kubwa kwa visubi wanaopenda maranda mabichi.

8. Funga sanduku kwenye chuma cha sakafu kwa boliti, au kwa mikanda kwenye pete za mizigo. Hili ni la lazima kwa choo cha aina yoyote: tangi la lita 21 likijaa, choo kina uzito wa kilo 25, na dereva akifunga breki ghafla kitakuja mbele na kilichomo.

Matumizi ya kila siku

Kwenye choo kikavu, tandika gazeti ndani ya ndoo, kwenye kitako chake, kisha sentimita tatu hadi tano za maranda makavu. Maranda ya fundi seremala au ya wafugaji wa kuku yanafaa. Ya mbao zilizotiwa dawa hayafai. Kwa pwani, vumbi la makumbi ya nazi ni bora zaidi kwa sababu linanyonya sana. Pumba za mpunga zinatumika pia, ila zinaziba harufu polepole, kwa hiyo changanya na majivu. Kila baada ya haja kubwa mimina kikombe kimoja, mililita 250 hivi, ukifunika kabisa. Wanaume wakojoe wamekaa. Akiharisha mtu, zidisha maranda mara mbili na umwage ndoo siku hiyo hiyo.

Badilisha dumu kila siku, hata kama halijajaa. Baada ya kulimwaga weka vijiko viwili vya siki ndani. Siki hupunguza amonia na chumvi inayoganda.

Usitumie jiki kamwe mahali penye mkojo. Klorini ya jiki ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari dogo lililofungwa vioo mtu anaweza kudhurika vibaya. Jiki pia huharibu mipira ya kuzuia harufu. Tumia siki au asidi ya ndimu kwa chumvi, na sabuni ya kawaida ya maji kwa usafi.

Kwenye choo cha maji, kabla ya kutumia weka lita moja au mbili za maji na dawa kwenye tangi la chini. Kipimo cha dawa nyingi ni mililita 60 hadi 150 kwa lita 20, lakini fuata kibandiko. Maelekezo mengi yanasema dawa hudumu siku nne au tano, na hayo yameandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Gari lililoegeshwa juani Mombasa au Garissa linaweza kupita nyuzi 50 ndani, kwa hiyo hesabu siku mbili, tatu kwa shida. Karatasi iwe nyembamba na kidogo. Inayobaki imenasa kwenye mlango wa kuteleza ndiyo sababu ya kwanza ya choo kuvuja.

Mambo yanayoharibika na chanzo chake

Maji yanaruka juu unapofungua mlango wa tangi. Hii ni hewa. Ukipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu mita 1,700, mgandamizo wa hewa nje hupungua kwa karibu asilimia 18, lakini ndani ya tangi umebaki ule wa pwani, na joto limeongeza gesi. Mkifika, funga kifuniko cha kiti, kisha vuta mlango wa kuteleza kidogo tu ili hewa itoke, kabla mtu hajaketi.

Tangi linamwaga kwa vishindo na kukuchafua. Hukubonyeza kitufe cha hewa kilicho karibu na mpini. Kibonyeze tangi likiwa limeshainama, si kabla.

Mlango wa kuteleza unagoma au mpira unavuja. Mpira umekauka. Usafishe kwa maji na sabuni, kausha, paka mafuta ya silikoni. Vaselini na mafuta ya kupikia huuvimbisha mpira na ndani ya miezi michache haubani tena.

Choo kikavu kinanuka ghafla. Fungua ndoo uangalie unyevu kabla ya kulaumu kitu kingine. Kama maranda yamelowa, kuna mkojo au maji ya kuchambia yanayoingia nyuma. Mwaga yote, anza upya, na sogeza mkao wa mtumiaji mbele. Kama ni makavu, harufu inatoka kwenye mpira wa mkojo: mimina siki ya moto nusu lita, iache nusu saa, suuza. Kama vyote viwili ni safi, shika kipande cha karatasi kwenye tundu la feni nje. Kisiposukumwa, soksi imeziba kwa vumbi.

Visubi wamejaa kwenye ndoo. Wameingia pamoja na maranda yaliyohifadhiwa mahali penye unyevu. Kausha maranda juani siku nzima, kisha yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Wakati wa kumwaga ndoo kavu, vaa glovu na peleka kwenye choo cha shimo. Shambani kwa mtu aliyekuruhusu, chimba angalau sentimita 30, mita 60 au zaidi kutoka kisimani, mtoni na kwenye mboga, na funika kwa udongo wote. Ndani ya hifadhi usichimbe. Mkojo ambao haujachanganywa na maji ya kuchambia unaweza kuumwaga chini ya miti, sehemu moja kwa sehemu tano hadi kumi za maji, mbali na visima.

Ukinunua choo cha maji kutoka nje, agiza katika kifurushi hicho hicho mpira wa mlango wa kuteleza, mpira wa kifuniko cha tangi na mfuniko mmoja wa ziada. Vipuri hivyo ni vigumu kuvipata madukani kwetu, na mpira mmoja ukichanika choo kizima kinakaa nje ya gari hadi mwingine ufike.